Usukani wa Panzi

Usiitoe nati yote, alisema Fundi Mnope,
iache ishike nyuzi tatu,
la sivyo siku usukani utakapoamua kutoka
utatoka na meno yako.
Akarudi kwenye pikipiki za watu, akaniacha
mimi na Panzi, uani, Nachingwea,
nikiinywesha shafti mafuta ya taa kwa kijiko cha dawa
usiku wa kwanza, usiku wa pili.

Panzi ni kigari cha Kiingereza, viti viwili,
kijani pale ambapo kutu haijapaka rangi yake.
Mzungu wa karanga alikiacha
mradi ulipokufa na matrekta yakalala porini.
Babu alikinunua kwa magunia
ambayo kila mjomba anayahesabu kivyake,
kisha baba, Chinguile wa zahanati,
akakiendesha miaka arobaini,
mikono saa nne na saa nane,
kama vile saa zilizobaki ni za watu wengine.

Pale saa nne pamelika.
Pale saa nane pamelika zaidi,
amepazungushia mpira wa baiskeli, akaupasua kwa wembe,
akaufunga fundo la bandeji.
Ukishika, viganja vinatoka vyeusi
kama umechambua ufuta ulioungua.

Siku ya tatu nikavuta, goti kwenye dashibodi,
mdomoni jina la mtu nisiyempenda.
Ka!
Nati ikayaokoa meno yangu.
Asante, Mnope.

Mpya ulikuja kwa basi kutoka Kariakoo
ndani ya boksi la sabuni: mdogo, wa mbao,
mikono mitatu ya chuma yenye matundu,
unang'aa kama mgeni wa harusi asiyejua akae upande upi.
Meno ya shafti mengine, ya kitovu chake mengine.
Nikaupeleka Ndanda, karakana ya misheni,
kwa Benedikto Nakapanya,
anayehesabu meno kwa ncha ya ukucha
taratibu, kama anasali rozari.
Alichonga kitovu kipya siku mbili, hakutaka maswali.
Lete kuku, alisema.
Nikapeleka kuku.

Nikanyoosha matairi ya mbele kwa kamba na jicho moja,
nikatia alama kwa tipeksi ya ofisi ya ghala
(korosho za wakulima, Mungu anisamehe),
nikavisha, nikakaza.
Magoti yangu yakapata nafasi
ambayo magoti ya baba hayakuwahi kuionja.
Ila usukani mdogo hauna huruma:
kumgeuza Panzi akiwa amesimama
ni kama kumgeuza shemeji katikati ya mahari.

Waya wa honi ulikuwa mfupi. Nikauunga.
Nilidhani nimeuunga vizuri.

Kona ya hospitali, nakata kushoto,
piiip.
Yenyewe.
Nanyoosha, kimya. Kona ya soko, kushoto tena,
piiip,
na hapo ndipo baba alipokuwa akiipiga kila jioni,
moja tu, fupi.
Bi Sikujua, ambaye macho yake siku hizi yana ukungu,
hakuinua uso kwenye kikaango.
Akakunja gazeti, akajaza, akaunyoosha mkono barabarani:
Chinguile, leo umechelewa.

Nilisimama. Nilipokea.
Zilikuwa za moto, chumvi kidogo, kama alivyozitaka.
Nikalipa. Akazipapasa sarafu kwa kidole gumba,
akasema, na ya juzi je?
Nikalipa na ya juzi.

Mnope anasema ni kazi ya dakika tano,
waya tu unagusa chuma.
Namwambia nitamleta Jumatatu.
Hii ni Jumatatu ya sita,
boksi la sabuni liko juu ya kabati
na usukani wa baba ndani yake, na mpira wake wa baiskeli,
na mimi narudi nyumbani
kwa njia yenye kushoto nyingi.